Mvua ya Mgeta Ilituchorea Ramani

Siku hizi wataalamu hutumia kompyuta kukadiria ni mteremko upi ulio katika hatari ya kuporomoka. Huingiza ukali wa mteremko, aina ya udongo, kiasi cha mvua na mimea iliyopo, kisha hupata ramani. Ni kazi njema. Lakini kwa Milima ya Uluguru, mimi naona ramani ya kwanza ilichorwa na mvua yenyewe.

Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta, ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda usiozidi saa tatu. Ardhi ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Watafiti wa Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, wakaenda kuyahesabu makovu hayo. Walikuta karibu yote yako mashambani na kwenye nyasi. Yaliyoanzia chini ya miti hayakufika hata asilimia 1. Sababu yake ni hii: udongo ulikatika kwenye kina cha mita moja hivi au zaidi, ambako mizizi ya mahindi na nyasi haifiki, bali ya miti hufika.

Basi si mkulima aamriwe tu kupanda miti? La. Miaka ya 1950 Waingereza waliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Huko Matombo, upande wa mashariki, udongo wenye rutuba ni mwembamba. Kuchimba kukaleta juu udongo usiootesha kitu. Watu walitoka jasho wakavuna hasira. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukafa. Wakoloni waliuona mmomonyoko, aliyelima hawakumsikiliza.

Sisi wa mjini tusidhani hayo hayatuhusu. Mto Mgeta humwaga maji yake Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Mboga za Mgeta twazila. Tena tuliona Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023: tope liliua watu zaidi ya 80.

Kwa hiyo ramani na zichorwe, ila zisilale kabatini wala zisigeuke amri. Zipelekwe vijijini. Wazee wanaoikumbuka 1970 waulizwe. Na anayeambiwa aache kulima mteremko wake, kwanza aelezwe watoto wake watakula nini.