Fahamu namna ya kuilinda kompyuta dhidi ya programu za kijasusi katika mchezo wa poka mtandaoni

Programu ya kijasusi ni programu inayoingizwa katika kompyuta bila ridhaa ya mwenye kompyuta, ikajificha humo na kukusanya taarifa zake, kisha kuzituma kwa mtu mwingine kupitia intaneti. Taarifa hizo zinaweza kuwa nywila, herufi zinazobonyezwa kwenye kibodi, nyaraka, sauti inayonaswa na kipaza sauti au picha ya kile kinachoonekana kwenye skrini. Tofauti na virusi vinavyoharibu mafaili au kuifanya kompyuta isiwake, programu ya kijasusi hukusudiwa isijulikane kabisa. Kadiri kompyuta inavyofanya kazi kama kawaida, ndivyo programu hiyo inavyozidi kumnufaisha aliyeiweka.

Mchezo wa poka mtandaoni ni miongoni mwa maeneo ambako madhara ya programu hizi yameonekana wazi. Makala haya yanaeleza sababu za wachezaji kulengwa, matukio yaliyokwisha kuthibitishwa, hatua za kujikinga na utaratibu wa kufuata endapo kompyuta imevamiwa.

Kwa nini wacheza poka hulengwa

Poka ni mchezo wa siri. Katika aina inayochezwa zaidi, ijulikanayo kama Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili anazoziona peke yake, na karata nyingine tano huwekwa wazi mezani. Ushindi hutegemea uwezo wa kukisia karata za wenzake na kuwafanya wao wasizijue zake. Anayeziona karata za mpinzani hana tena haja ya kukisia: atajitoa anapojua kuwa amezidiwa, na atapandisha dau anapojua kuwa mpinzani anamtishia bure.

Kwa sababu hiyo, mhalifu hahitaji kuvunja mifumo ya kampuni inayoendesha mchezo, ambayo aghalabu hulindwa kwa gharama kubwa. Humtosha kuingia katika kompyuta ya mchezaji mmoja. Alama ya kufuli inayoonekana kwenye kivinjari haizuii jambo hilo, kwa kuwa usimbaji hulinda taarifa zikiwa njiani kati ya kompyuta na seva ya mchezo. Programu ya kijasusi hukaa ndani ya kompyuta yenyewe na huona kila kitu kama mchezaji anavyokiona.

Aidha, mchezaji anayeibiwa kwa njia hii huchelewa kutambua. Katika wizi wa kawaida wa akaunti, fedha hutoweka kwa mara moja. Katika wizi wa karata, mchezaji hupoteza mkono mmoja baada ya mwingine na kudhani kuwa ni bahati mbaya, ambayo ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Matukio yaliyothibitishwa

Mwaka 2006, kampuni ya usalama wa kompyuta ya F-Secure ya nchini Finland ilichunguza programu ndogo iliyotolewa kwa wacheza poka kwa ajili ya kukokotoa sehemu ya ada inayorejeshwa kwa mchezaji. Ndani yake ilikutwa programu iliyojificha na kukusanya majina na nywila za akaunti za michezo. Aliyezipata aliweza kuingia katika akaunti ya mwathirika, kukaa naye meza moja kwa akaunti yake mwenyewe, kisha kumchezea vibaya kwa makusudi ili fedha zihamie upande wake.

Mwezi Septemba 2013, mchezaji wa kulipwa kutoka Finland, Jens Kyllönen, alikuwa mjini Barcelona, Hispania, kwa ajili ya mashindano. Kompyuta yake mpakato ilitoweka katika chumba cha hoteli na baada ya muda ikarejeshwa mahali pake. Kwa kushuku jambo hilo, aliipeleka F-Secure, ambako iligundulika kuwa imewekewa programu inayomwezesha mtu aliye mbali kuitazama skrini yake. Programu hiyo iliandikwa kwa lugha ya Java, jambo linaloiwezesha kufanya kazi katika mifumo endeshi tofauti, na ilipangwa kuanza kazi kila kompyuta inapowashwa. Ilionekana kuwa iliingizwa kwa flashi na mtu aliyeishika kompyuta kwa mkono wake.

Mwezi Septemba 2015, kampuni ya ESET ya nchini Slovakia ilitoa taarifa kuhusu programu ya kijasusi iliyopewa jina la Odlanor. Hiyo ililenga wachezaji wa PokerStars na Full Tilt Poker. Kila mwathirika alipofungua moja ya programu hizo za mchezo, Odlanor ilipiga picha za skrini zilizoonesha karata zake pamoja na jina lake la mchezo, na kuzituma kwa mhalifu. Kwa kuwa michezo hiyo iliruhusu kumtafuta mchezaji kwa jina, mhalifu aliweza kujua yupo meza gani na kwenda kuketi naye. Baadhi ya matoleo yake yaliiba pia nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Waathirika wengi walikuwa katika nchi za Ulaya Mashariki.

Mwaka 2019, mahakama nchini Denmark ilimtia hatiani mchezaji wa poka wa kulipwa kwa kuweka programu za kijasusi katika kompyuta za wapinzani wake, na kumhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu gerezani. Shauri hilo lilionesha kuwa mhalifu anaweza kuwa mtu anayefahamiana na mwathirika na kuketi naye meza moja.

Njia zinazotumika kuingia

Matukio hayo yanaonesha njia kuu mbili. Ya kwanza ni mtumiaji kusakinisha programu hiyo kwa mkono wake bila kujua. Odlanor ilifichwa ndani ya mafaili ya usakinishaji ya programu zinazofahamika, kama vile Daemon Tools na µTorrent, na pia ndani ya programu za kuwasaidia wacheza poka kuweka kumbukumbu na kukokotoa uwezekano wa kushinda. Aliyezipakua kutoka vyanzo visivyo rasmi alipata programu aliyoitaka pamoja na asiyoitaka.

Ya pili ni mtu kuifikia kompyuta yenyewe, katika hoteli, bweni, ofisi au kwa fundi, na kuichomeka flashi kwa dakika chache. Kwa njia hii, hata mtu mwangalifu anaweza kudhurika kwa kuiacha kompyuta yake bila ulinzi.

Zaidi ya hizo, wahalifu hutumia viambatisho vya barua pepe, viungo vinavyotumwa kwa ujumbe mfupi na tovuti zilizotengenezwa kufanana na tovuti halisi.

Hatua za kujikinga

1. Kupakua programu kutoka chanzo rasmi pekee. Anwani ya tovuti iandikwe kwa mkono na isifuatwe kupitia tangazo au kiungo kilichotumwa na mtu. Programu zilizovunjwa leseni, zinazogawiwa bure ilhali huuzwa, ziepukwe kabisa.

2. Kujihadhari na programu za kumsaidia mchezaji. Programu inayoahidi kuonesha karata za wengine au kuhakikisha ushindi ni mtego. Anayeiweka kwa nia ya kuwaona wenzake ndiye huishia kuonekana.

3. Kusasisha mfumo endeshi, kivinjari na programu nyingine kila sasisho linapotolewa. Kwa watumiaji wa Windows 10, ikumbukwe kuwa Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyopokea masasisho ya usalama haifai kwa shughuli yoyote inayohusu fedha.

4. Kuwasha programu ya kuzuia virusi na kuiacha ikiwa imewashwa. Matoleo ya sasa ya Windows huja na Microsoft Defender bila malipo ya ziada. Maelekezo yanayomtaka mtumiaji aizime kwanza ili programu fulani ikubali kusakinishwa ni dalili ya hatari.

5. Kutumia akaunti ya kawaida ya kompyuta kwa shughuli za kila siku, na akaunti yenye mamlaka ya msimamizi wakati wa kusakinisha tu. Kufanya hivyo hupunguza uwezo wa programu ngeni kujipenyeza ndani ya mfumo.

6. Kutumia nywila ndefu na tofauti kwa kila akaunti, na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, hasa kwa barua pepe, ambayo ndiyo njia ya kurejesha akaunti nyingine zote. Hata hivyo, uthibitishaji huo humzuia mtu mwenye nywila iliyoibwa asiingie katika akaunti. Hauzuii programu iliyomo tayari kwenye kompyuta kupiga picha za skrini. Hatua hii haiwezi kuchukua nafasi ya zilizotangulia.

7. Kuilinda kompyuta yenyewe. Diski isimbwe, skrini ijifunge kila mtumiaji anapoondoka, na kompyuta iwekewe nywila inayozuia kuwashwa kwa kutumia flashi. Msafiri asiiache chumbani.

8. Kutenganisha matumizi. Kompyuta inayotumika kwa mchezo isiwe ndiyo inayotumika kwa huduma za benki, nyaraka za kazi au taarifa za familia. Kompyuta za ofisi, zikiwamo za umma, zisisakinishwe michezo ya kubahatisha kwa namna yoyote, kwa kuwa programu inayoingia kumtazama mchezaji huziona pia nyaraka za ofisi. Vilevile, akaunti yenye fedha isifunguliwe katika kompyuta ya kukodi kwenye duka la intaneti.

Dalili za kuzingatia

Programu ya kijasusi iliyotengenezwa vizuri huonesha dalili chache. Pamoja na hayo, mtumiaji anapaswa kushtuka anapoona kompyuta ikitumia kifurushi kingi cha intaneti wakati haitumiki, taa ya kamera ikiwaka bila sababu, programu ya kuzuia virusi ikijizima, programu asiyoifahamu katika orodha ya zinazoanza kompyuta inapowashwa, au taarifa za kuingia katika akaunti kutoka mahali asipokuwapo. Kwa mchezaji, mpinzani anayemfuata kila meza na kujitoa kila anapokuwa na karata nzuri ni sababu tosha ya kusimamisha mchezo na kuichunguza kompyuta.

Hatua za kuchukua kompyuta inapovamiwa

Kwanza, kompyuta itolewe kwenye intaneti mara moja na isitumike kuandika nywila yoyote. Nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, kwa kuanza na barua pepe, kisha benki, huduma za fedha kwa simu na akaunti ya mchezo. Benki, mtoa huduma za simu na mwendeshaji wa mchezo wajulishwe ili wazuie miamala.

Pili, endapo kuna fedha zilizopotea, kompyuta isifutwe wala kupelekwa kwa fundi kabla ya kutoa taarifa Polisi. Kuifuta ni kuondoa ushahidi. Kumbukumbu za michezo, miamala na ujumbe zihifadhiwe, na mlalamikaji apate namba ya taarifa yake kituoni, ijulikanayo kama RB.

Tatu, baada ya uchunguzi, mfumo endeshi usakinishwe upya kutoka chanzo rasmi. Kuondoa programu moja iliyoonekana hakutoshi, kwani huenda iliingiza nyingine.

Sheria inavyoelekeza

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine bila idhini. Kwa mujibu wa kifungu cha 4, anayetiwa hatiani hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni tatu au mara tatu ya thamani ya manufaa aliyoyapata, kwa kuzingatia kiasi kilicho kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyo inakataza pia kunasa mawasiliano kinyume cha sheria, kutengeneza au kusambaza vifaa na programu kwa lengo la kutenda makosa hayo, pamoja na udanganyifu kwa njia ya kompyuta.

Michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na hairuhusiwi kwa mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kabla ya kuweka fedha, mwananchi anashauriwa kujiridhisha kuwa mwendeshaji ana leseni ya Bodi. Anayecheza katika tovuti isiyo na leseni nchini hukosa chombo cha kumsimamia anapodhulumiwa, hata akiwa na ushahidi wa kutosha.

Matukio ya usalama wa mtandao huratibiwa na TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa upande wa ujumbe mfupi wa kitapeli, mwananchi anaweza kutuma namba ya mtumaji kwenda namba 15040.

Ni vyema ikaeleweka kuwa hatua zote zilizoelezwa hapo juu humlinda mchezaji dhidi ya wizi pekee, kwani hata katika mchezo wa haki na kompyuta iliyo salama fedha iliyowekwa mezani inaweza kupotea yote. Fedha ya ada ya shule, matibabu, kodi ya pango au mtaji wa biashara haipaswi kufikishwa katika meza ya aina yoyote.