Msikiti Mkuu wa Kilwa: Nguzo, Chokaa na Maji ya Mvua

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, ni miongoni mwa majengo machache ya mawe ya zama za kati katika Afrika Mashariki ambayo kuporomoka kwake kunafahamika kama kujengwa kwake. Sehemu yake kongwe, ya kaskazini, ilisimama juu ya nguzo tisa za mbao. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, aliongeza ukumbi mkubwa upande wa kusini, ambao kila nguzo yake ilichongwa kutoka jiwe zima la tumbawe. Nguzo hizo hazikudumu. Ukumbi ulijengwa upya katika enzi ya Sultani Sulaiman bin Muhammad (1421–1442), kwa nguzo za pembe nane zilizoundwa kwa vipande vya mawe vilivyoshikanishwa kwa chokaa, na juu yake zikawekwa kuba na matao.

Chokaa hiyo, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo, ndiyo uhai wa jengo. Ikikauka hubaki laini kuliko jiwe na hupitisha unyevu, hivyo ukuta ukisogea, ufa hutokea kwenye chokaa, ambayo fundi anaweza kuirudishia. Saruji hufanya kinyume, kwani huzuia unyevu kutoka, na chumvi inayokusanyika nyuma yake humega jiwe polepole.

Magofu ya Kilwa Kisiwani, ukiwemo msikiti huo, yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya mvua, mizizi na mawimbi yaliyokula ufuo, kisha yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kuta kuimarishwa. Kazi hiyo inastahili sifa kubwa, maana njia za mkato zipo: nchini India, ukumbi wa hekalu la Kihindu la Konark, la karne ya 13, ulijazwa mchanga mwanzoni mwa karne ya 20 ili usianguke, na milango yake ikazibwa.

Somo hilo linahusu pia magharibi mwa Uganda: miji ya Mpondwe na Bwera, wilayani Kasese, imo katika Bonde la Ufa, ambako tetemeko la Machi 20, 1966 liliua watu zaidi ya 100. Wenye majengo ya zamani wilayani humo, kabla ya kuziba nyufa kwa saruji, wamtafute fundi atakayechunguza kwanza ukuta umeshikanishwa kwa nini na maji ya mvua yanapita wapi.