Sura ya Mswahili wa Kale: Swali Kutoka Kibuli

Katika toleo hili naomba tuziache ngeli zipumzike. Hivi majuzi alinijia binti mmoja wa Kibuli anayesomea upambaji wa uso. Alitakiwa na walimu wake abuni pambo la bibi harusi wa leo kutokana na urembo wa kale, naye akachagua Uswahili. Mchoro wake ulikuwa na wanja mzito, shela na sarafu za dhahabu kwenye paji la uso.

"Mwalimu, nitafutie jina lake tu," akasema.

Jina sikuwa nalo. Mchoro ule nusu ulitoka katika filamu za Kihindi, nusu katika matangazo ya Dubai. Nilimwambia hivyo, akanuna.

Itakumbukwa kuwa Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Jambo mojawapo aliloliandika kuhusu wenyeji ni kwamba nyuso zao zilikuwa na chale. Naam, chale! Binti alidhani namtania. Wanja nao ulikuwapo: wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata hapo Kilwa vijiti vya shaba vya kupakia wanja. Kwa hiyo chale na wanja vyote vimo katika historia ya mji ule ule, na anayetaka sura moja tu "halisi" ya Mswahili atahangaika sana.

Kwa maoni yangu, ghala kubwa la urembo huu ni msamiati wenyewe. Wanja wa manga unatuonyesha biashara na Uarabuni, kwani Manga ndiko huko. Hina ni neno la Kiarabu. Barakoa ilikuwa kifuniko cha uso cha mabibi wa Kiomani wa Unguja. Mwaka 2020 neno likafufuka na kuvalishwa kila mtu kwa sababu ya korona. Liwa ni mti wenye harufu nzuri unaosagwa na kupakwa mwilini. Singo ni mchanganyiko wa manukato anaosuguliwa bibi harusi, na kazi hiyo ina kitenzi chake, kusinga. Visiwani Komoro wanawake hupaka uji wa msandali usoni hadi leo, nao huuita msindzano. Atakaye kujua desturi za harusi na unyago kwa kalamu ya Mswahili mwenyewe asome kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903.

Hapa Uganda wengi bado wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya askari. Lakini wafanyabiashara kutoka pwani walifika katika baraza la Kabaka Suuna II mnamo 1844, kabla ya jeshi lolote la kikoloni. Msikiti wa Kibuli, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa 1941 katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, unatokana na historia hiyo iliyoanza na wageni wale. Binti huyu amekulia chini ya mnara wake, na hakuwahi kuambiwa kwamba Kiswahili kina maneno ya kumpamba bibi harusi.

Wiki iliyofuata alirudi na mchoro mpya: chale mashavuni, zichorwe kwa piko. Hapo tukabishana. Piko ni rangi ya nywele, na mara nyingi ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Wanja wa manga nao aghalabu una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Nikamwambia ukale wa kitu si kibali cha kukipaka kwenye jicho la mtu. Yeye alikuwa na hofu nyingine kabisa. Waganda kwa jadi hawakuchanja mwili.

"Jaja akiziona chale, hata za rangi, atasema nimemharibu mtoto wa watu."

Aliziacha chale. Sasa anajaribu michoro ya unga wa msandali mashavuni kwa mtindo wa Komoro, na wanja wa dukani uliopimwa. Juzi ameniuliza singo kwa Kiluganda ni nini. Nimemtuma kwa ssenga wake, maana kazi ya somo wa pwani ya kumwandaa mwari, huku kwetu ni ya shangazi. Bado sijaletewa jibu.