Jinsi ya kukinga miche ya parachichi dhidi ya jalidi

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hasa mkoani Njombe, miezi ya Juni hadi Agosti huwa na baridi kali. Usiku usio na mawingu wala upepo, joto la ardhi hupotea angani na jalidi hufunika majani. Mche mchanga wa parachichi unaweza kuungua kwa usiku mmoja tu.

Hewa baridi ni nzito, hivyo hushuka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana tunashauri upande miche kwenye mteremko.

Kama umeshapanda, mwagilia mchana, kwa sababu udongo wenye unyevu hutunza joto na kulitoa usiku. Kabla jua halijazama, simika vijiti kuzunguka mche, kisha funika kwa nyasi au gunia hadi chini ili joto hilo lisitoroke. Ukitumia nailoni, isiguse majani. Asubuhi jua likipanda, funua.

Mche ukiungua, usiung'oe. Subiri machipukizi, ndipo ukate sehemu iliyokufa. Kwa mche uliobebeshwa, tazama machipukizi yanatokea wapi. Yakitoka juu ya kiungo, aina uliyonunua bado ipo. Yakitoka chini ya kiungo pekee, hayo ni ya shina lililobebeshewa, na matunda yake hayatakuwa yale uliyoyalipia. Hapo itabidi ubebeshe upya au upande mche mwingine.