Sensa ya joto la injini: kutoka risasi ya garimoshi hadi namba 110

Leo naweka kando tovuti na lugha za programu. Nataka tuongee juu ya sensa. Siyo ile ya kuhesabu watu! Nasema sensa ya joto, kidude cha ukubwa wa kidole kinachokaa ndani ya maji ya injini ya ekskaveta na kuiambia tarakilishi ya mashine maji yana moto kiasi gani.

Mtu wa programu ana biashara gani na ekskaveta? Ni kwamba huku Eastlands tunaishi nazo. Zilichimba Outer Ring Road ilipopanuliwa miaka ya 2010, na bado zinachimba misingi ya maghorofa mtaani. Taa ya joto ikiwaka, fundi ana njia mbili za kupotea. Akibadilisha sensa kumbe rejeta ndiyo imeziba, injini inaungua. Akifungua injini kumbe ni waya tu umechubuka, mwenye mashine anapoteza siku nzima na vibarua wa mjengo wanarudi nyumbani mikono mitupu. Ukijua kipimo hiki kilikotoka, utajua pia pa kuanzia.

Tuanze na reli. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mitaa ya Muthurwa na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wake. Garimoshi la mvuke halikuwa na sensa. Juu ya tanuri palikuwa na plagi iliyojazwa madini ya risasi. Maji ya boila yakipungua hadi plagi ikabaki wazi, risasi iliyeyuka na mvuke ukamwagika tanurini. Hapakuwa na haja ya kuuliza kuna nini.

Magari yalipokuja, miaka ya 1910 Marekani ilileta kipimajoto cha Boyce MotoMeter, kilichofungwa juu ya kifuniko cha rejeta ili dereva akisome akiwa kitini. Baadaye geji ikaingia ndani, mbele ya dereva. Nyingi zilitumia bomba lililopinda la Mfaransa Bourdon, la mwaka 1849: joto linasukuma kimiminika kwenye kibomba chembamba, mshale unasogea. Kibomba kikikatika, mshale unalala. Fundi aliliona kosa kwa macho yake.

Kumbe mbegu ya sensa ya leo ilikuwa imepandwa kitambo. Mwaka 1833 Michael Faraday aligundua kwamba salfidi ya fedha hupitisha umeme vizuri zaidi inapopata joto, kinyume cha waya wa kawaida. Karibu miaka 100 baadaye wazo hilo likawa kifaa cha kuuzwa. Sensa moja ya kawaida ya Bosch ina ukinzani wa omu 2,500 kwenye nyuzi joto 20, na omu 186 tu kwenye nyuzi 100. Tarakilishi huipa volti 5 kupitia kizuizi cha umeme, inapima volti iliyobaki, kisha inatafuta joto kwenye jedwali. Basi! Hakuna uchawi.

Ekskaveta zilichelewa kupata tarakilishi. Kilichozisukuma ni moshi: kuanzia 1996 Marekani ilianza kuwekea mipaka moshi wa dizeli za mashine za ujenzi, na hatua kwa hatua watengenezaji wakakabidhi upigaji wa mafuta kwa tarakilishi. Mfumo wa CAN, uliotangazwa na Bosch mwaka 1986, ndio uliounganisha tarakilishi hizo kwa nyaya mbili. Juu yake ikajengwa lugha ya J1939, ambamo joto la maji ya injini ni namba 110.

Hapa ndipo mimi nahisi niko nyumbani. Joto lote hilo ni baiti moja. Unasoma namba, unatoa 40, umepata nyuzi joto. Lakini 254 maana yake ni hitilafu, na 255 maana yake ni "sina habari". Mwandishi wa programu akisahau hilo, skrini yake itaonyesha nyuzi 215. Huo si moto, huo ni ukimya!

Nyuma ya 110 huja namba ya pili, nayo ndiyo ya kusoma kwa makini. Ikiwa 3, volti imezidi: mara nyingi waya umekatika au plagi imechomoka. Ikiwa 4, volti imeshuka mno: waya umegusa bodi, au sensa imejifunga ndani. Ikiwa 0, sensa inasema injini kweli inaungua. Zima mashine ipoe, kisha kagua rejeta, mkanda wa feni, thamostati na pampu ya maji. Kuna kosa moja ambalo namba 110 inaweza isilionyeshe: maji yakipungua sensa ikabaki hewani, inaweza kusoma baridi huku injini inakufa. Kwa hiyo kagua maji kabla ya yote, injini ikiwa imepoa.

Sasa, mafundi wetu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani liliandika ripoti iliyoutambua uchumi wa watu hawa wa jua kali, lakini programu za uchunguzi za watengenezaji hutolewa kwa leseni. Fundi wa Kariobangi Light Industries anaweza kubaki na mashine inayojua ugonjwa wake na isiyomwambia.

Hata hivyo sensa yenyewe bado ni kizuizi cha umeme tu. Ichomoe, itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, washa jiko, pima kwa multimita. Omu zinapaswa kushuka taratibu bila kurukaruka. Angalizo moja: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Sensa ile ya Bosch ikisoma zaidi kidogo ya omu 200 maji yakitokota, ni nzima. Usiitupe kwa sababu ya kitabu kilichoandikwa Ujerumani. Na kwa sababu hiyohiyo kifuniko cha rejeta kisichobana presha huchemsha maji mapema huku kuliko Mombasa.

Basi ukiona 110, soma namba ya pili kabla ya kwenda kununua kipuri. Mafundi mliopitia haya, nileteeni visa vyenu. Tupo pamoja.