Mstari Mgeni Katika Damu

Tarehe 1 Novemba 1845, Dakta Henry Bence Jones wa London aliletewa kichupa cha mkojo. Mwenye mkojo huo alikuwa mfanyabiashara wa miaka 45 aliyeteswa na maumivu ya mifupa. Waliomtibu, Thomas Watson na William Macintyre, walishangazwa na jambo moja: mkojo ule ukitiwa asidi na kupashwa moto ulikuwa mwangavu, ukipoa uliganda. Bence Jones akatambua kuwa ni protini. Mgonjwa alifariki tarehe 1 Januari 1846, na protini ikabaki na jina la aliyepokea kichupa, si la aliyeugua wala la waliomuuguza. Ndivyo majina yanavyogawiwa katika tiba.

Mwaka 1937 Arne Tiselius wa Sweden alionyesha namna ya kutenganisha protini za damu kwa umeme. Miaka miwili baadaye, damu ya wenye mailoma, saratani ya uboho kama ya mfanyabiashara yule, ilionekana ina kilele kirefu chembamba. Kilele hicho ni kingamwili ya aina moja tu, inayomwagwa na kizazi cha seli moja iliyoasi. Kikipungua, ugonjwa umepungua, kikipanda, umerudi. Hesabu rahisi.

Upandikizaji wa seli shina ndio ulioivuruga. Mgonjwa hupewa melfalani kwa dozi kubwa, kisha hurudishiwa seli shina zake zilizohifadhiwa. Mwaka 1996 Wafaransa walionyesha, kwa wagonjwa 200, kwamba njia hii hushinda dawa za kawaida. Lakini IgG, aina mojawapo ya kingamwili, huchukua takriban wiki tatu kupungua nusu, hivyo seli zaweza kuwa zimekufa na protini yake bado inazunguka.

Kisha, miezi kadhaa baada ya upandikizaji, kipimo cha protini za damu cha baadhi ya wagonjwa kikaonyesha mstari mpya, yaani alama ya kingamwili ya aina moja, kama kile kilele. Hofu ilieleweka. Ila mtu ambaye maradhi yake yalikuwa ya IgG kapa, sasa alikuwa na kijistari cha IgA lamda, kingamwili ya aina tofauti kabisa, pengine viwili au vitatu. Saratani haibadilishi sura kirahisi hivyo. Kinga ilikuwa inajijenga upya, ikianza na koo chache za seli kabla ya nyingine kuamka. Mistari hiyo kwa kawaida hufifia yenyewe, na katika baadhi ya tafiti imeambatana na matokeo mazuri. Kwa hiyo kipimo cha kabla ya matibabu hakitupwi: bila hicho, mgeni na mwenyeji hawatofautishwi.

Siku hizi kuna mgeni mwingine. Daratumumabu, dawa ya mailoma, yenyewe ni kingamwili ya IgG kapa, nayo huweza kuchora mstari wake katika kipimo. Maabara isipoambiwa mgonjwa amechomwa sindano gani, inaweza kuripoti dawa kama maradhi.