Nani Atatoka? Historia ya Mjadala wa Barabara za Waenda kwa Miguu, Kutoka Juba Hadi Kigali na Nairobi

Mtaa wetu mjini Juba unaitwa Atlabara. Jina hili limetokana na maneno mawili ya Kiarabu ambayo hata mtoto mdogo wa Juba anayaelewa: atla, yaani toka, na bara, yaani nje. Toka nje! Kila mzee ana hadithi yake kuhusu nani alimwambia nani atoke, lakini jina limebaki, na hata timu ya mpira ya mtaa inalibeba kifuani.

Likizo iliyopita nilikuta majirani wakibishana mahali mama yangu mdogo anapouzia chai. Kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Kigali alikuwa akionyesha picha kwenye simu: barabara ya katikati ya jiji isiyo na gari hata moja, yenye miti, viti na watoto wanaocheza. Akauliza kwa nini barabara yetu ya madukani isifanywe hivyo. Mjomba wangu, ambaye anauza vifaa vya ujenzi, akamjibu kwa swali: "Na saruji nitaileta kwa kichwa?" Mwendesha bodaboda akauliza abiria wake atawashushia wapi. Mama mdogo alimimina chai kwanza, kisha akasema, "Wakishapanda maua, mimi nitakaa wapi?"

Hakuna aliyepinga kivuli, wala hakuna aliyesema ni vizuri mtoto kwenda shule akipishana na malori. Hofu yao ilikuwa nyingine. Insha hii inadai kwamba hofu hiyo ina historia. Katika mji wetu, kila mara barabara ilipopangwa upya, kuna watu waliotolewa. Kwa hiyo swali la kwanza la wananchi si "Itapendeza?" bali "Nani atatoka?" Historia ya Kigali na Nairobi inaonyesha kwamba mji usiolijibu swali hili mapema hulazimika kulijibu baadaye, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Tuanze na Juba yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Waingereza waliokuwa wakitawala Sudan waliamua kuhamisha makao makuu ya mkoa kutoka Mongalla hadi Juba. Eneo hilo halikuwa tupu; lilikuwa na vijiji vya Wabari. Mji uliojengwa ulikuwa wa mafungu: maofisa walikuwa na makazi yao, wafanyabiashara, wakiwemo Wagiriki na watu wa kaskazini mwa Sudan, walikuwa na yao, na wafanyakazi wenyeji waliwekwa kando. Baadaye viwanja vya miji ya Sudan viligawanywa kwa madaraja. Daraja la kiwanja ndilo lililoamua ukubwa wake, aina ya nyumba inayoruhusiwa na muda wa kukimiliki. Hivyo basi, ramani ya mji ilikuwa pia orodha ya nani ana haki ya kukaa karibu na nini. Watu wengi walikwenda kazini kwa miguu, lakini si wao waliofikiriwa wakati mistari ilipochorwa.

Vita vya mwaka 1983 hadi 2005 viliifanya Juba kuwa mji wa kambi za jeshi, na ujenzi ukasimama. Mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005 ulibadilisha kila kitu. Watu walirudi kutoka Khartoum, Uganda na Kenya, na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wakafuata wakiwa na bidhaa, bodaboda na lugha ya Kiswahili. Mji uliokuwa na vipande vichache tu vya lami ukajaa magari katika muda mfupi. Mwanzoni mwa 2009 serikali ya jimbo la Equatoria ya Kati ilibomoa nyumba na vibanda katika sehemu mbalimbali za Juba, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa kufungua barabara na kurejesha maeneo ya umma. Sababu hiyo haikuwa ya uongo, kwani mji unahitaji barabara. Hata hivyo, wengi waliobomolewa walikuwa wakimbizi wa ndani na watu waliorejea, ambao hawakuwa na kiwanja kingine cha kwenda. Kwao, maneno "barabara mpya" yalikuwa na maana ileile ya jina la mtaa wetu.

Mwaka uliofuata, Agosti 2010, viongozi wa Sudan Kusini walizindua mpango wa kuijenga Juba upya kwa umbo la kifaru. Wau ungekuwa na umbo la twiga. Magazeti ya dunia yaliucheka mpango huo, hasa kwa kuwa gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10. Mimi naona somo lake ni zito kuliko kicheko. Umbo la kifaru linaonekana na aliye ndani ya ndege. Mtu anayetoka Atlabara kwenda sokoni Konyo Konyo na beseni kichwani haoni pembe wala mkia. Anaona vumbi, mtaro ulio wazi na gari linalompigia honi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayechora mji bila kuutembea atachora kitanda kizuri tu.

Kuna jambo jingine la historia linalopaswa kukumbukwa. Septemba 2011, miezi miwili tu baada ya uhuru, serikali iliamua kwamba mji mkuu uhamishiwe Ramciel. Miongoni mwa sababu kulikuwa na mvutano wa muda mrefu kuhusu ardhi ya Juba kati ya serikali kuu, serikali ya jimbo na jamii ya Wabari. Uhamisho huo haujatimia hadi leo. Lakini uamuzi wenyewe unatuonyesha kwamba serikali iliona ni rahisi kuwaza mji mpya kuliko kukubaliana na watu kuhusu mji uliopo. Ikiwa mji mzima ulikwama kwa swali la ardhi ni ya nani, tusishangae barabara moja ikizua ubishi kwenye vikombe vya chai.

Tuje sasa kwa mfano ambao kijana yule aliuonyesha. Agosti 2015, Jiji la Kigali lilifunga sehemu ya barabara ya KN 4 katikati ya mji, magari yakakatazwa na waenda kwa miguu wakaachiwa njia. Nia ilikuwa njema: kupunguza msongamano na moshi, na kuwapa watu mahali pa kupumzika. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa katika mpangilio wa hatua. Barabara ilifungwa kwanza, na kile kilichopaswa kuwavuta watu hakikuwepo. Lami ilibaki lami, jua lilibaki jua. Wenye maduka na wenye majengo walilalamika kwamba wateja wamepungua na baadhi ya wapangaji wamehama. Ahadi za kuipamba barabara zilitolewa, zikacheleweshwa, zikatolewa tena. Ni mwaka 2022 tu ambapo sehemu hiyo ilifunguliwa kwa sura mpya na jina jipya, Imbuga City Walk, ikiwa na bustani, viti, njia ya baiskeli, vibanda vidogo vya biashara na nafasi ya watoto. Picha aliyotuonyesha kijana yule ni ya baada ya 2022. Miaka saba ya malalamiko haionekani kwenye picha.

Neno imbuga katika Kinyarwanda ni uwanja wa mbele ya nyumba, pale familia inapoanika mazao, inapopokea wageni na inapoongea jioni. Ni jina zuri, na ni kinyume kabisa cha jina la mtaa wetu: moja linamwambia mtu atoke, jingine linamkaribisha uani. Lakini jina halitoshi. Kigali pia ni jiji linalokataza uchuuzi wa barabarani, na anayenunua anaweza kutozwa faini sawa na anayeuza. Jiji limewajengea baadhi ya wachuuzi masoko madogo, lakini mama wa chai wa aina ya mama yangu mdogo asingepata nafasi ya kuweka jiko lake la mkaa kwenye uwanja ule. Kwa hiyo tunapoisifu Kigali, tuseme pia uwanja huo umekaribisha nani na umewaacha nani mlangoni.

Nairobi ilipita njia nyingine. Huko wengi wamekuwa wakienda kwa miguu siku zote: takribani safari nne kati ya kumi jijini hufanywa kwa miguu. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ambayo iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ahadi ilikuwa kwenye karatasi. Tarehe 3 Desemba 2018 Gavana Mike Sonko alipiga marufuku matatu kuingia katikati ya jiji. Maelfu ya watu, wakiwemo wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto, walitembea kilomita nyingi juani, na marufuku hiyo ikasitishwa haraka kwa sababu ya kilio cha umma. Mwanzoni mwa 2019 Waziri wa Uchukuzi James Macharia alitangaza siku mbili za wiki zisizo na magari katika baadhi ya barabara. Mpango huo nao ukaahirishwa kabla ya kuanza. Matukio haya mawili yanatufundisha kutofautisha kumpa mtu njia ya kutembea na kumlazimisha atembee.

Mwaka huohuo wa 2019 jambo dogo lilifanyika kwa utulivu zaidi. Kaunti ya Nairobi ikishirikiana na shirika la UN-Habitat iliibadilisha Luthuli Avenue, barabara iliyojulikana kwa maduka ya redio na televisheni, muziki mkubwa na msongamano wa matatu. Magari hayakufukuzwa yote. Yaliruhusiwa kupita upande mmoja tu. Nafasi iliyobaki ilipewa njia pana za miguu, miti, viti na baiskeli. Mwenye duka la televisheni bado angeweza kushusha mzigo, na mteja bado angeweza kufika bila kukanyagwa. Waliopoteza ni matatu waliokuwa wakipakia abiria pale.

Niliishi Nairobi nilipokuwa shule ya sekondari, na nilipita Luthuli mara nyingi. Nitasema nilichokiona. Asubuhi njia ile ilikuwa raha. Kufikia jioni, pikipiki zilikuwa zimepanda kwenye njia ya miguu, mikokoteni imeegeshwa kwenye njia ya baiskeli, na wachuuzi wametandaza viatu kati ya viti. Wengine huona hilo kama ukosefu wa nidhamu. Mimi naliona kama ushahidi: mchuuzi na mwenye mkokoteni hawakuwekwa kwenye mchoro, kwa hiyo walijichora wenyewe. Mtu anayetegemea barabara kwa mlo wa jioni hatatoweka kwa sababu mhandisi amemsahau.

Kuna watakaopinga kwamba kumsikiliza kila mtu ni kuchelewesha maendeleo, na kwamba Kigali imefika ilipofika kwa sababu iliamua. Hoja hii ina uzito. Kama Kigali ingesubiri wenye maduka wote wakubali, huenda barabara ya KN 4 ingekuwa bado imejaa magari. Lakini Kigali ilikuwa na serikali imara na pesa za kurekebisha kosa baada ya miaka saba. Juba, iliyopita katika vita vya Desemba 2013 na Julai 2016, haina uwezo wa kukosea kwa muda mrefu hivyo. Duka likifungwa Atlabara, mwenyewe hahamii jengo jingine; anarudi Uganda au kambini Kakuma. Kwetu, kuuliza kwanza ndiko kunakookoa muda.

Kutokana na historia hii, naona mambo matatu kwa mtaa wangu. Kwanza, kivuli, mtaro uliofunikwa na taa vitangulie, marufuku ya magari ifuate ikibidi. Pili, malori ya mizigo yapewe saa zake, mathalani alfajiri, ili saruji ya mjomba isibebwe kichwani. Tatu, mama wa chai na mwendesha bodaboda waonyeshwe nafasi zao kwenye mchoro kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, tena kwa maandishi. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji dola bilioni 10 wala umbo la mnyama.

Kwa kuhitimisha, mjadala wa majirani zangu haukuwa ushindani kati ya wanaopenda maendeleo na wasioyapenda. Ulikuwa mjadala wa watu wanaokumbuka. Mama yangu mdogo amehamisha jiko lake mara tatu kwa sababu ya barabara zilizopanuliwa, na kila mara aliambiwa ni kwa faida ya wote. Jioni ile, kijana wa Kigali alipoulizwa tena mama atakaa wapi, alinyamaza, kisha akachukua kijiti na kuchora barabara mavumbini. Alichora miti, akachora viti. Halafu akampa mama mdogo kile kijiti, na yeye akachora duara dogo chini ya mti wa kwanza. Ningependa wapangaji wa mji wetu waanzie hapo.